Chuma cha kushikia kiti cha mtoto hakichomelewi

Katika ukaguzi wa magari unaoendelea hapa Tanga, kuna kasoro tuliyokuwa tukikutana nayo mara mojamoja, lakini sasa haipiti wiki hatujaiona. Ni vile vyuma viwili vya kushikia kiti cha mtoto, viitwavyo ISOFIX, vinavyojificha kwenye kiungo cha egemeo na kikalio cha siti ya nyuma. Tunavikuta vimepinda, vimeliwa na kutu, au vilikatika vikachomelewa mtaani. Wenye magari hayo wengi ni wazazi waliojibana wakanunua kiti kwa fedha yao bila kushurutishwa na mtu. Siandiki kuwalaumu. Naandika kwa sababu kiti kizuri kilichoshikizwa kwenye chuma kibovu kina hatari yake: mzazi anaendesha akiwa ametulia moyo.

Majuzi ililetwa Toyota IST ya baba mmoja wa Mikanjuni. Kiti cha mtoto kilikuwa safi, kimewekwa nyuma upande wa kushoto, mahali panapofaa kwa sababu mtoto anashukia pembeni mwa barabara. Nikakishika nikakitikisa. Upande mmoja ukatulia, wa pili ukacheza. Nikapenyeza kidole: chuma cha kulia laini na chembamba, cha kushoto kina mikwaruzo ya tupa. Tulipoinua kikalio tukaona yote. Kishikio cha awali kilikuwa kimekatika, fundi akachukua kipande cha nondo ya milimita 8, akakikunja, akakichomelea kwenye bati. Klipu ya kiti ikakataa kuingia, maana imetengenezewa chuma cha milimita 6. Basi akakipiga tupa katikati mpaka klipu ikang'ata kwa taabu. Fundi mwenyewe alikuwepo. "Afande, hapo hata ng'ombe hang'oi," akaniambia, na naamini alisema kwa nia njema. Tulipogonga kwa nyundo ndogo mara mbili, weldi ikabanduka na ganda la rangi juu yake.

Hesabu ya jambo hili ni fupi. Mtoto wa kilo 12 na kiti cha kilo 8 ni kilo 20. Gari likigonga kwa uso likiwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwa kitambo kidogo sana zile kilo 20 zinavuta kwenda mbele kama mzigo wa kilo 400 hadi 600. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa, ambazo Ulaya na Japani wanazifuata, zinataka vishikio vihimili kuvutwa kwa nguvu ya kilonyutoni 8, sawa na kuvining'inizia kilo 800 hivi. Vishikio hivyo vimekadiriwa kwa mtoto na kiti ambavyo kwa pamoja havizidi kilo 33. Uzito ukipita hapo, kiti kinafungwa kwa mkanda wa gari.

Kuchomelea kunaharibu nini? Chuma cha kiwandani, bati lililokibeba na namna vilivyoungwa vimepimwa pamoja kama kitu kimoja. Moto wa weldi unabadilisha ugumu wa chuma pale pembeni mwa kiungo, na mpasuko ukija unaanzia hapohapo. Kwa macho huoni kitu, hasa kikishapigwa rangi. Kunyoosha kwa nyundo chuma kilichopinda ni vilevile: kilishachoka siku kilipopinda, na kukirudisha ni kukichosha mara ya pili. Tena magari mengi madogo yana tangi la mafuta chini ya siti ya nyuma, na kwenye magari mengi ya haibridi, yanayotumia mafuta na umeme, betri kubwa ya umeme iko karibu na hapohapo. Cheche moja kwenye sponji ya siti inatosha kuteketeza gari na aliye ndani yake. Nimeshasimama kwenye gereji nikamwona kijana amelala chali kwenye siti ya nyuma, stiki inawaka, bomba la mafuta liko shubiri moja kutoka kichwani pake. Nilimsimamisha kazi papo hapo, na ningefanya hivyo tena.

Tanga ina sababu zake za kuua vyuma hivi. Ya kwanza ni chumvi. Hewa ya pwani peke yake inakula bati, lakini kinachomaliza kabisa ni samaki. Mtu anatoka soko la Deep Sea na ndoo mbili za samaki, anaziweka nyuma kwenye siti au kwenye buti, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanapenya chini ya kikalio na kukaa kwenye zulia siku tatu. Juu siti imepanguswa na inanukia, chini kutu inafanya kazi yake. Ya pili ni mizigo. Msimu wa machungwa siti za nyuma zinang'olewa Muheza ili magunia yaingie, zikirudishwa bolti moja imepotea, nyingine imefungwa kwa nyuzi tatu tu. Na wapo wanaofunga kamba ya friji au mbao kwenye vyuma vya mtoto kwa kuwa vinaonekana imara. Ni imara kwa kuvutwa mbele. Ukivivuta kwa upande, kwa mzigo unaorukaruka kutoka hapa hadi Segera, vinapinda.

Ya tatu ni siti kava. Mafundi wetu wa viti wana mikono mizuri, lakini wengi wanashona kava juu ya vishikio bila kuacha tundu. Mzazi anapasua ngozi kwa kisu, anabahatisha, klipu inashika ukingo wa kava badala ya chuma. Ukipeleka gari kushonewa, mwoneshe fundi vyuma hivyo kwa kidole kabla hajakata kitambaa.

Unaweza kukagua mwenyewe kabla hujaja kwetu. Toa kiti cha mtoto. Washa tochi ya simu, tenganisha egemeo na kikalio kwa mkono, pangusa chuma kwa kitambaa kikavu. Kutu nyepesi inayotoka kwa kitambaa na kuacha chuma laini si tatizo. Kutu iliyochimba vishimo, inayoacha magamba mkononi, ni tatizo hata kama chuma bado kinaonekana kinene. Angalia mizizi, pale chuma kinapoingia kwenye bati, kwa sababu ufa unaanzia huko. Kisha chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya kishikio kimoja hadi katikati ya kingine. Unatakiwa kupata milimita 280. Ukipata 270 au 290, gari hilo limegongwa au limechezewa, na aliyekuuzia hakukwambia. Mwisho rudisha kiti, sikiliza klipu zote mbili zilie, angalia alama ya kijani itokee kamili pande zote, kisha shika kiti karibu na pale kinaposhikia na ukitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita 2.5.

Kuna pia kishikio cha tatu, cha mkanda wa juu, nyuma ya egemeo au kwenye sakafu ya buti. Hiki kinachanganywa sana na ndoano ya kufungia mizigo. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, na kama gari lako limekuja na kitabu cha Kijapani, angalia michoro. Ndoano ya mizigo haikukadiriwa kubeba mtoto.

Sasa matengenezo. Kwenye baadhi ya magari vishikio vimefungwa kwa bolti kwenye bodi, na hapo kazi ni rahisi: unatoa kipande kizima na kuweka kipande kizima kingine cha gari la aina hiyohiyo na toleo hilohilo, pamoja na bolti mpya. Spea iliyotumika inakubalika ikiwa imetoka kwenye gari ambalo halikupata ajali upande huo na haina kutu ya vishimo. Bolti usichukue yoyote inayoingia. Mfano ni bolti za mikanda: kwenye magari mengi ya Kijapani ni za inchi 7/16 zenye nyuzi 20 kwa inchi. Ya milimita 12 inafanana nayo kwa macho, na fundi akiilazimisha kwa spana ndefu anasaga nyuzi za bodi na kuharibu kisichobadilishwa kirahisi. Bolti zikazwe kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Fundi akikwambia mkono wake unajua, mshukuru na utafute mwingine.

Kwenye magari mengine vishikio vimeungwa na kiwanda moja kwa moja kwenye bodi au kwenye fremu ya siti. Vikiwa kwenye fremu, badilisha fremu nzima. Vikiwa kwenye bodi, hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kurekebisha bodi na maelekezo ya mtengenezaji, na kusema kweli kwa gari la kawaida gharama yake haina maana. Achana na vishikio hivyo. Tumia mkanda.

Hapa ndipo wengi wanaponishangaa, kana kwamba nimewarudisha nyuma. Mkanda wa gari wenye pointi tatu, ukiwa mzima na ukapitishwa mahali palipooneshwa kwenye kiti, unamlinda mtoto vizuri. Viti vingi vinakubali njia zote mbili. Soma kibandiko cha kiti chako kwanza, maana vipo vinavyokubali njia moja tu. Na usitumie vyuma na mkanda kwa pamoja ukidhani unazidisha usalama, isipokuwa kitabu cha kiti kimeruhusu. Kama vyuma vya upande wa kushoto ni vibovu na vya kulia ni vizima, hamishia kiti kulia, ukikumbuka kumshusha mtoto kwa mlango wa kushoto.

Kuna maneno nimechoka kuyasikia dirishani. "Tanga mji mdogo, hatukimbii." Kilomita 50 nilizozitaja ni mwendo wa mjini. "Mama yake atampakata." Kwenye mgongano ule mtoto peke yake, bila kiti, anavuta kama kilo 300; hakuna mkono wa binadamu unaozishika, na anayeanguka juu ya mtoto ni huyohuyo aliyempakata. "Mbona sisi tulikua bila viti hivyo?" Tuliokua ndio tunaouliza. Tafadhali, mkija na hoja, njooni na hoja nyingine.

Kuhusu sheria, nieleze taratibu kwa sababu zinachanganya watu. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Mfumo wa vyuma hivi, wenye maandishi ISOFIX kwenye kitambulisho cha siti, ulitolewa kama kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Kwa hiyo sheria hiyo ilipotungwa haikuvitaja, na wapo wanaodai kwamba basi hatuna mamlaka navyo. Hoja hiyo haisimami. Gari linatakiwa kuwa katika hali salama kwa aliye ndani na aliye nje, na bati lililochomelewa ovyo, siti isiyofungwa au mkanda uliokatika ni ubovu kama ubovu mwingine. Mkaguzi akikuta ubovu anauandika kwenye taarifa, unapewa nakala, unakwenda kutengeneza, kisha unarudi kukaguliwa upya. Ubovu ukiwa mkubwa, gari linaweza kuzuiwa kutembea mpaka litengenezwe. Ukiandikiwa tozo ni shilingi 30,000 kwa kosa, unapewa kumbukumbu namba, unalipa benki au kwa simu, unatunza risiti. Makosa mawili ni tozo mbili. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akisema anakusaidia kulipa, na hata akiwa amevaa sare.

Gari likipata ajali, kuna utaratibu wa bima ambao wazazi wanaukosa. Mwenye bima kubwa anatengenezewa gari kwa makadirio ya mthamini, na mthamini anaandika anachokiona: taa, bampa, mlango. Vishikio vya mtoto haoni asipooneshwa. Kabla hujasaini makadirio, omba kikalio cha nyuma kiinuliwe mbele yako, vishikio na mikanda vikaguliwe, na kama vimepinda viandikwe kwa jina. Ukishasaini na kuchukua gari, kudai baadaye ni safari ndefu. Kiti cha mtoto kilichokuwa ndani wakati wa ajali kubwa nacho kiandikwe kibadilishwe, hata kama hakikuwa na mtoto na hakina ufa unaoonekana.

Ofisi yetu haimtangazi fundi wala duka lolote, na niliyoandika hapa hayazidi kitabu cha gari lako wala kitabu cha kiti chako. Vikitofautiana na maneno yangu, fuata vitabu.

Yule baba wa Mikanjuni alipata kishikio kizima kutoka IST nyingine, siti ya nyuma ikiwa bado ndani yake. Lakini bati la gari lake lilikuwa limetobolewa na weldi, bolti hazikuwa na pa kushika. Kiti cha mwanawe sasa kinafungwa kwa mkanda, na nilipokitikisa kilitulia.

Ukija kukaguliwa, njoo na kiti chenyewe, kitabu chake, na risiti ya spea kama umebadilisha kitu. Usipige rangi sehemu iliyotengenezwa. Na usioshe chini ya kikalio siku hiyo, tunahitaji kuiona kutu ilivyo.