Wakala Hawezi Kusoma Msimbo Wako: Dhana Potofu Kuhusu Maelezo ya Zana za Seva za Sauti

Kila ninapoitwa kumkagua wakala wa akili unde (programu inayoendeshwa na modeli ya lugha na kutenda yenyewe) aliyekabidhiwa seva ya maongezi ya sauti, mara nyingi baada ya kumfungia mtu asiyestahili au kuwakata watu katikati ya kikao, huambiwa neno lile lile: modeli ina akili, jina la zana, yaani kitendo ambacho wakala anaruhusiwa kukiita, linatosha, mengine itaelewa yenyewe. Hakuna dhana iliyoleta madhara zaidi ya hii katika kazi yangu, na inachosha kuisikia kwa watu wenye ujuzi mkubwa wa kuandika programu.

Modeli haioni msimbo ulio nyuma ya zana. Inachopewa kimsingi ni jina, maelezo na orodha ya vigezo. Ndivyo ilivyo katika MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotangazwa na Anthropic mwezi Novemba 2024, na ndivyo ilivyo katika mifumo mingine ya aina hiyo. Jambo lolote analolijua mwandishi wa zana bila kuliandika, kwa wakala halipo.

Chukua zana iitwayo ondoa_mtumiaji, yenye maelezo ya maneno mawili tu: “Huondoa mtumiaji.” Katika Discord, jukwaa la maongezi ya sauti na maandishi, kumwondoa mtu kunaweza kuwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Unaweza kumkata kwenye chaneli ya sauti, naye akarudi papo hapo. Unaweza kumtoa katika seva nzima, akapoteza vyeo alivyopewa, na asiweze kurudi mpaka apate mwaliko. Au unaweza kumfungia kabisa, asirudi hata kwa mwaliko hadi msimamizi atakapomfungulia. Msimamizi anapoandika “mtoe huyu, maikrofoni yake inapiga kelele”, wakala aliyepewa maneno yale mawili hana budi kubahatisha, na akikosea, lawama si ya modeli. Maelezo ya zana hiyo yangepaswa kusomeka hivi:

“Humkata mtumiaji mmoja kwenye chaneli ya sauti aliyomo sasa. Haimtoi katika seva wala haimzuii kurudi. Anaweza kujiunga tena mara moja. Ikiwa lengo ni kumnyamazisha huku akiendelea kusikiliza, tumia zima_maikrofoni. Ikiwa lengo ni kumzuia asirudi, tumia fungia_mtumiaji. Hurudisha hitilafu ikiwa mtumiaji hayumo katika chaneli yoyote ya sauti.”

Na jina lenyewe libadilishwe liwe kata_kwenye_chaneli_ya_sauti. Sentensi yenye thamani kubwa hapo ni ile ya pili, inayotaja kile ambacho zana haifanyi. Ninawasihi wote ninaofanya nao kazi waiandike hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo inayosahaulika: aliyeunda zana hufikiria kazi yake tu, ilhali wakala anachagua kati ya zana kadhaa zinazokaribiana.

Vigezo navyo ni sehemu ya maelezo. Kigezo kiitwacho “muda” bila kipimo ni mtego, maana 10 inaweza kuwa sekunde, dakika au siku. Tena adhabu ya kunyamazishwa kwa muda katika Discord haizidi siku 28, na kikomo hicho lazima kiandikwe. Kasi ya data ya sauti (bitrate) huko hupimwa kwa biti kwa sekunde, kwa hiyo wakala anayetuma 64 badala ya 64000 atakataliwa. Kibaya zaidi ni kikomo cha idadi ya watu katika chaneli, ambapo 0 maana yake ni kwamba hakuna kikomo: msimamizi akisema asiingie mtu mwingine, wakala asiyeambiwa hivyo anaweza kuweka 0 na kuwafungulia wote. Vitambulisho vya watumiaji na chaneli navyo vipokewe kama matini, kamwe visiwe namba, kwa kuwa ni namba za biti 64, na lugha ya programu ya JavaScript hupoteza usahihi wa namba nzima zinapovuka 2 kwa kipeo cha 53. Tarakimu za mwisho zikibadilika, unamlenga mtu mwingine au asiyekuwapo.

Wapo wanaoruka upande wa pili na kudai kwamba maelezo yakiwa marefu zaidi ndiyo bora. Sivyo. Maelezo ya zana zote huchukua nafasi katika muktadha wa modeli, yaani matini yote inayoweza kuyasoma kwa wakati mmoja, kabla mtumiaji hajasema lolote, na historia ya mradi haimsaidii wakala kuchagua. Sentensi tatu hadi sita hutosha kwa zana nyingi. Maonyo ya herufi kubwa katika kila zana nayo hayasaidii: yakiwa kila mahali, hayatofautishi chochote.

Dhana nyingine ni kwamba kuandika “usitumie bila idhini” kunailinda seva. Maelezo huelekeza, kinachozuia ni ruhusa za boti, yaani akaunti ambayo wakala huitumia kutenda ndani ya seva. Ikiwa wakala hapaswi kufungia watu, boti isipewe ruhusa hiyo kabisa. Kumbuka pia kwamba majina ya watumiaji huandikwa na watumiaji wenyewe, na mtu anaweza kuficha amri ndani ya jina lake. Maelezo ya zana inayoorodhesha waliomo yaseme wazi kwamba majina ni data tu, nazo zana hatari zisubiri uthibitisho wa binadamu.

Mwisho, wengi hudhani kazi ya maelezo huisha zana inapoitwa. Ujumbe wa hitilafu nao husomwa na modeli. Ukirudisha “403” (msimbo wa kukataliwa ruhusa) peke yake, wakala anaweza kurudia ombi lile lile au kutafuta zana nyingine kali zaidi. Rudisha hivi: “Boti haina ruhusa ya kuhamisha watu kutoka chaneli hii. Usijaribu tena, mjulishe msimamizi.”