Ua lililozaliwa kwa mionzi halibebi mionzi

Kwenye mageti mengi ya Moshi na Arusha utakuta bogenvilia yenye maua meupe na ya pinki. Mara nyingine ni miche miwili iliyopandwa pamoja. Lakini ipo ambayo ni mti mmoja kabisa: chembe hai ya ncha ya tawi ilibadilika vinasaba, na vilivyochipua hapo vikaja na rangi yao.

Watafiti wa maua huliharakisha jambo hilohilo kwa mionzi ya gama itokayo kwenye kobalti-60, madini yanayotoa mionzi. Mwaka 1927 mwanasayansi wa Marekani Hermann Muller alionesha kwamba eksirei hubadilisha vinasaba vya inzi wa matunda. Mwaka uliofuata mwenzake Lewis Stadler akatangaza matokeo kama hayo kwa shayiri. Leo orodha ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, ina zaidi ya aina 3,000 za mimea zilizopatikana kwa kubadilisha vinasaba makusudi, nyingi kwa mionzi, na kwa upande wa maua krisanthemamu ndiyo inayoongoza. Zanzibar nako umetoka kwa mionzi mpunga wa aina iitwayo SUPA BC.

Akina mama wanaouza maua huniuliza: je, ua lililopatikana kwa mionzi likikaa mezani watoto hawatadhurika? Hawatadhurika. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei ya mguu harudi nyumbani na mionzi mwilini, ilipita, ikaisha. Kipandikizi, yaani kile kipande cha tawi kinachopigwa mionzi kisha kuoteshwa, nacho ni hivyohivyo, na wala hakiwekewi kinasaba cha kiumbe kingine. Hatari ipo kwenye mtambo wenyewe wa mionzi, ndiyo maana hukaa nyuma ya kuta nene na kuendeshwa kwa kibali.

Kipimo kinataka umakini. Vipandikizi vya krisanthemamu vyenye mizizi hupewa takriban grei 10 hadi 25 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa). Ukizidisha vinakufa, ukipunguza hupati kitu. Tena mionzi haichagui: miche mingi hutoka imedumaa au ina majani yaliyojikunja, na hiyo hutupwa.

Kazi kubwa huanza maua yakichanua. Unainama kwenye tuta la maua ya pinki, unakuta moja ambalo petali tano za upande mmoja ni za shaba. Hiyo bado si aina mpya, maana chembe zilizobadilika zimechanganyika na za zamani ndani ya tawi moja. Inabidi ukate kijicho, yaani chipukizi changa, kilicho chini ya upande ule, ukiotesha, ukate tena, vizazi vitatu au vinne, mpaka ua lote liwe la shaba na lisirudi nyuma. Mimi huona huyu mwenye jicho na subira ndiye mzalishaji hasa, kuliko mtambo.

Kwa hiyo wewe mwenye kitalu Tengeru au Usa River, ukiona tawi limetoa ua lisilofanana na wenzake, usilipogoe. Lifunge uzi mwekundu, andika tarehe, kisha chukua vipandikizi kwenye tawi hilo tu na uvioteshe mbali na vingine.