Je, wajua kwa nini taa ya kupunguza mwanga inalia zzz ukiwa unaangalia muvi?

Mtu akishaweka flati kubwa na sabufa sebuleni, kinachofuata anataka taa zinazojishusha zenyewe, yaani ukibonyeza rimoti muvi inaanza na mwanga unafifia polepole, na kwa kweli ni raha sana. Sasa muvi inafika pale wanaponong'ona, chumba kimya, unasikia zzzzz kutoka ukutani au darini. Dar pengine usingeusikia maana bodaboda na baa zinafunika kila kitu, ila huku Kigoma, ukiwa mitaa ya Ujiji au Mwanga kwa ndani saa nne usiku, kama mvua haipigi bati basi huo mlio unao mpaka muvi iishe. Wengi wanasema taa mbovu wanabadilisha balbu, wanaweka nyingine, inalia vilevile.

Mara nyingi tatizo ni dima, yaani ile swichi ya kupunguza mwanga. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, maana yake kila sekunde unafanya mawimbi 50 ya kupanda na kushuka, na kila wimbi linagusa sifuri mara mbili, jumla mara 100. Dima ya kawaida ile ya kuzungusha haibani umeme kama unavyobana koki ya maji, inaukata. Kila ukigusa sifuri inauzima kidogo halafu inauwasha ghafla ukiwa tayari umeshapanda. Ukiiweka nusu ndio inauwasha pale kileleni kabisa, kama volti 325 hivi, kwa hiyo taa inapigwa mshtuko mara 100 kwa sekunde. Kwenye balbu ya zamani kinachotetemeka ni kile kiwaya cha ndani, kwenye LED ni koili na kapasita za draiva yake, ile saketi ndogo ya ndani inayoilisha umeme, na mtetemo wa namna hiyo sikio linaunasa vizuri tu. Ndio maana ukiwasha mwanga wote mlio unapotea, ukishusha nusu unarudi.

Zipo dima zinazofanya kinyume, zinaacha umeme uanze taratibu kutoka sifuri halafu zinaukata mwishoni, hizo zimetulia sana. Kwenye boksi tafuta maneno "trailing edge", na balbu iwe imeandikwa "dimmable", la sivyo utahangaika bure. Angalia na wati, dima nyingi za zamani zinataka mzigo wa kuanzia wati 40 hivi, wewe unaifungia LED mbili za wati 7, lazima zichezecheze.

Ila ukiniuliza mimi, kwa chumba cha muvi nachagua stripu ya LED ya volti 24, moja nyuma ya TV na nyingine kwenye jipsamu ya dari. Hapo unakata umeme mdogo unaotoka kwenye paua saplai, kile kiboksi kinachoshusha umeme kuwa volti 24, sio ule wa ukutani. Kontrola yake, kile kiboksi cha kuongoza mwanga, nayo inawasha na kuzima haraka haraka kupunguza mwanga, na ikifanya hivyo mara mia kadhaa kwa sekunde paua saplai inaweza kupiga kelele nyembamba, kwa hiyo ukipata inayofika hezi 20,000, yaani mara 20,000 kwa sekunde, na kuendelea chukua hiyo, maana sikio la binadamu linaishia hapo. Paua saplai yenyewe iwe haina feni! Watu wanasahau hili kabisa, wananunua kubwa yenye feni wanaificha nyuma ya TV halafu wanashangaa.

Swichi za kuongoza kwa simu nyingi zina relei ndani, yaani kiswichi kinachojifunga na kujifungua kwa umeme, inalia tak ukiwasha au kuzima, mara moja tu basi. Kama inakukera mwambie fundi aweke boksi zima la kontrola koridoni, nyaya tu ndio ziingie chumbani, nene kidogo kama ni mbali ili stripu isififie. Na kabla hujanunua swichi yoyote ya hivyo mwambie afungue ile iliyopo ukutani aangalie kama nyutro, waya wa kurudisha umeme, imefika, nyumba nyingi swichini wamepeleka laivu, waya unaoleta umeme, na waya wa kwenda kwenye taa tu, na swichi nyingi za simu bila nyutro haziwaki.

Dukani omba wakuwashie na balbu utakayotumia, washushe mpaka nusu, halafu weka sikio karibu kabisa maana pale sokoni kelele ni nyingi.