Mwaridi wa Mtwara haulali

Wiki iliyopita nimeitwa Shangani, hapa Mtwara, kutazama mwaridi "uliokataa kuchipua". Nimekuta vijiti vinne, kila kimoja urefu wa kidole, vyeusi kuanzia pale mkasi ulipopita, gome limeungua upande wa jua la jioni. "Mwanangu," akasema mama mwenye nyumba, "nimekata mpaka chini mwezi wa pili, kama wanavyofanya Uingereza." Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nimechoka kuzika miwaridi ya watu.

Uingereza mwezi wa pili ni baridi. Mwaridi umepukutisha majani, akiba yake imo mizizini na kwenye mashina, ukikatwa unachipua kwa akiba hiyo. Wa kwetu mwezi huohuo uko macho: mvua, joto, majani yamo kazini yanaulisha. Ukiyaondoa yote umeunyima chakula, na mashina yaliyozoea kivuli umeyaanika juani.

Mimi hupogoa Juni, mvua zimekwisha na kusi inavuma, wakati wenye mikorosho wanajiandaa na salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Napunguza theluthi, basi. Yanatangulia matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana katikati. Majani mazima yanabaki. Maua huja baada ya wiki 6 hadi 8.

Kuhusu kukata mshazari juu ya jicho, pale chipukizi linapotokea, ambako watu wanagombana mpaka wananuniana: nimekata mshazari, nimekata mlalo, sijaona tofauti. Mkasi butu unaopondaponda shina, huo nimeona unavyoua.

Chipukizi linalotoka chini ya kiungo, pale mwaridi ulipounganishwa na shina la mzizi mwingine, ling'oe; ukilikata litarudi. Samadi iwe imeoza. Mchanga wetu haushiki maji, tandaza nyasi. Mwagilia shinani asubuhi. Jani likikaa na maji usiku kucha, madoa meusi yanaenea.

Salfa ya mikorosho inazuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, wa waridi pia, lakini si saa saba mchana! Joto likizidi nyuzi 30 inababua majani. Hapa nasitasita kila msimu, maana kuna siku hata asubuhi ni moto, na siku hizo naiacha.

Ule wa Shangani nimeukingia kuti upande wa magharibi. Shina moja lina jicho jekundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nimemsihi mama asilete mkasi karibu.