Kilomita chache si dalili ya gari nzima

Hapa Unguja, mtu akitafuta HiAce ya mtumba ya kubebea wageni, jicho la kwanza hulitupa kwenye dashibodi. Moja ikisoma kilomita 80,000 na nyingine 190,000, basi ya kwanza ndiyo nzima. Sivyo.

Kilomita hueleza gari imekwenda kiasi gani. Hazielezi imelala wapi. Gari zetu nyingi zatoka Japani, na kule kaskazini, Hokkaido kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia uvunguni. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, na kutu huenda kwa umeme huo mdogo, ndiyo maana hula chuma upesi. Gari ikishushwa Malindi, bandarini kwetu hapa Unguja, upepo wa bahari unaendeleza palepale.

Kwa hiyo ingia uvunguni na tochi. Gonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi hunitia wasiwasi kuliko kutu ninayoiona. Injini iliyochoka mafundi wetu wataifungua, hata kuibadilisha. Chesisi iliyolika ni kuchomelea kiraka juu ya kiraka, na roho za watu zimo ndani.

Gari iliyokaa sana nayo mipira yake hukauka. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 3216 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2016, nayo imezeeka hata kama meno bado marefu.

Mimi ningechukua ile ya 190,000, uvungu wake ukiwa mkavu na kumbukumbu za sevisi zipo.