Je, wajua kwanini hesabu za kujumlisha na kuzidisha zinamkaa mtoto kichwani akicheza na vizibo na karata?

Unakuta mtoto anajua kabisa kujumlisha, ila ukimuuliza 8 na 7 anaanza vidole, kimoja kimoja mpaka afike 15. Hajakosea. Lakini kama hiyo 8 na 7 ilikuwa ndani ya swali refu lenye hatua nne, akifika kwenye 15 yake ameshasahau alikuwa anaitafutia nini. Kichwa cha binadamu kinaweza kushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja, cha mtoto ndo vichache zaidi, kwa hiyo hesabu ndogo ndogo lazima zifike mahali zitoke zenyewe ndo abaki na nafasi ya kulifikiria swali lenyewe.

Wengi wetu dawa tunayoijua ni kuimba tebo. Sawa, ina kazi yake, ila msikilize vizuri mtoto aliyejifunza kwa kuimba tu: ukimuuliza 7 mara 8 anarudi kimyakimya kwenye 7 mara 1 na kupanda nayo mpaka afike. Ameshika mfuatano, jibu lenyewe hajalishika.

Mchezo unafanya kitu tofauti, manake unamlazimisha kulitafuta jibu kichwani kabla hajaonyeshwa, na huko kutafuta ndo kunakokaza kumbukumbu kuliko kusomewa jibu mara nyingi.

Chukua vizibo 10 vya soda na kikombe. Mtoto avihesabu mwenyewe, ahakikishe ni 10, halafu afumbe macho wewe ufunike baadhi. Akifumbua anaona 6 viko nje, muulize vingapi vimejificha? Mwanzoni atatumia vidole, muache tu, usimharakishe kabisa. Akishasema 4 anafunua kikombe yeye mwenyewe, na hapo kwenye kufunua ndo penye faida kubwa, kwasababu akipatia anaona na akikosea anaona, hakuna mtu mzima aliyekunja uso. Woga unakula ile nafasi ndogo ya kichwani niliyoisema, mtoto mwenye hofu anaweza kushindwa hata hesabu anayoijua. Na kwa vizibo hivyo hivyo ameshagusa 6 na 4, 10 kutoa 6, 10 kutoa 4, zote kwa mpigo. Akizijua vizuri jozi za 10, ile 8 na 7 haihitaji vidole tena: anahamisha 2 kutoka kwenye 7, 8 inakuwa 10, zimebaki 5, jibu 15.

Lakini sio kila mchezo wenye vitu vya kushika unafundisha hesabu, na hili wazazi wengi hatuliangalii. Mwaka 2008 watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha utafiti waliofanya Marekani kwa watoto wa shule ya awali wa familia za kipato kidogo. Walicheza kwenye ubao wenye visanduku kwenye mstari mmoja, namba 1 mpaka 10, vipindi vinne vya dakika 15 hadi 20 ndani ya wiki mbili. Wenzao walicheza mchezo huo huo ila visanduku vina rangi badala ya namba. Waliocheza na namba walipanda wazi kwenye kuhesabu, kusoma namba na kujua ipi kubwa, na wiki tisa baadaye bado walikuwa nayo, wale wa rangi hawakupanda. Baadaye, 2014, Elida Laski na Siegler wakaona hata namna ya kuhesabu ukisogeza kete ina uzito: kwenye ubao wa namba nyingi zaidi, mtoto aliye kwenye 25 akipata 2 aseme "26, 27", asiseme "moja, mbili". Kitu kidogo hivyo!

Kwenye kuzidisha vizibo vinafanya kazi nyingine. Panga safu 3 za vizibo 4 juu ya karatasi, izungushe karatasi robo, sasa ni safu 4 za vizibo 3 na hakuna kizibo kilichoongezeka. Mtoto akiona kwa macho yake kwamba 3 mara 4 na 4 mara 3 jibu ni lile lile, zile hesabu 100 za tebo ya 1 mpaka 10 zinabaki 55. Toa za 1, 2, 5 na 10 ambazo wengi wanazishika mapema, zinabaki 21 tu. Hizo ziandike kwenye karata, swali mbele jibu nyuma, mnafunua kwa zamu, anayepatia anachukua karata, iliyomshinda inarudi katikati ya fungu ili akutane nayo tena muda si mrefu.

Dakika 10 kila siku zinatosha, tena ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi, kusambaza marudio kwenye siku tofauti ni jambo ambalo mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alishaliona mwaka 1885 alipokuwa anapima kumbukumbu yake mwenyewe. Vitu navyo viondoe polepole. Ukiona anataja kilichojificha papo hapo na hana hata haraka ya kufunua, ongeza vizibo viwe 12, au cheza bila vizibo, mtajie tu "kumi, nje viko saba" na asubiriwe mpaka ajibu.