Chembe nano hainusi saratani

Nimetumiwa tena ile video. Kimpira kinachong'aa kinapita kwenye mshipa, kinakata kona, kinaziacha seli nzima, kinaifuata ya saratani na kuilipua. Chini yake wameandika kwamba chembe nano, yaani vichembe vya kubebea dawa vilivyo vidogo kuliko seli, "zina akili" na huisaka saratani popote ilipojificha. Safari hii aliyenitumia ni daktari, kwa hiyo uvumilivu umeniishia.

Hakuna kinachosaka. Liposomu, kifuko cha mafuta cha kubebea dawa, chenye upana wa nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), haina injini wala pua. Ukiidunga kwenye mshipa inakwenda damu inakokwenda, na sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu, ambako makrofeji, seli za kinga, huimeza kama zinavyomeza bakteria.

"Lakini si mnaibandika kingamwili?" Ndiyo, tunaibandika, na hapo ndipo kichwa huanza kuniuma. Kingamwili, protini ya kinga, hukishika kipokezi, yaani protini ya shabaha iliyo juu ya seli, ikiwa imekaribiana nacho kwa nanomita chache tu. Chembe iliyo kwenye mshipa wa mkono haina habari kwamba kuna HER2, kipokezi cha baadhi ya saratani za titi, kwenye titi. Nanga haileti jahazi bandarini. Hulizuia lisiondoke likishafika. Kazi ya kingamwili ni kuisaidia chembe iliyokwisha kufika ing'ang'anie na kuingia ndani ya seli. Tena hata kazi hiyo haina uhakika, kwa sababu chembe ikigusa damu tu, protini za damu huigandia pande zote. Mwaka 2013 watafiti wa Dublin walionyesha kwamba chembe zilizovishwa transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, hupoteza uwezo wa kutambua kipokezi chake zikishafunikwa na protini hizo. Na MM-302, liposomu yenye doksorubisini, dawa ya saratani, iliyobandikwa kipande cha kingamwili dhidi ya HER2, ilipendeza kwa panya. Jaribio lake kwa wanawake wenye saratani ya titi likasimamishwa 2016 kwa kuwa haikuonekana kuyashinda matibabu iliyolinganishwa nayo.

Doxil, nayo liposomu ya doksorubisini, iliyoidhinishwa Marekani 1995 kwa saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, haina kingamwili hata moja. Ina koti la PEG, aina ya plastiki inayoyeyuka majini, la kuchelewesha makrofeji, basi. Inazunguka kwenye damu kwa siku kadhaa, na uvimbe ambao mishipa yake ni mibovu unaipitisha kidogo kidogo.

Au ndivyo tunavyofundisha. Wazo la mishipa inayovuja lilitolewa Japani mwaka 1986 na Matsumura na Maeda, na vitabu vikalichora na matundu makubwa kama ya chujio. Mwaka 2020 kundi la Toronto liliyatafuta matundu hayo kwenye vivimbe vya panya, likayakuta machache mno. Chembe nyingi zilivushwa na seli za ukuta wa mshipa zenyewe. Kwa binadamu sijui uwiano ukoje, na anayekuambia anajua muulize alipimaje. Tunachokijua ni kwamba vivimbe havifanani: London, 2001, wagonjwa 17 walidungwa liposomu zenye indiamu ya mionzi, madini ya kuzifuatilia kwenye picha, na saratani za kichwa na shingo zilichukua takriban mara sita ya zile za titi kwa kila kilo ya uvimbe.

Kundi hilohilo la Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba asilimia 0.7 tu ya dozi hufika kwenye uvimbe, namba ya kati ya tafiti zote. Wafamakolojia, wataalamu wa mwenendo wa dawa mwilini, waliipinga njia ya kuhesabu, na wana hoja: kinachofaa kulinganishwa ni kiasi ambacho dawa tupu, isiyo ndani ya chembe, ingefikisha, nayo haifikishi mengi. Namba yenyewe ninaitaja darasani, siijengei hema.

Faida ya Doxil ipo, ila iko kwingine. Mishipa ya moyo haipitishi liposomu kirahisi, kwa hiyo moyo huumizwa kidogo zaidi na sumu ya doksorubisini. Upande wa pili, viganja na nyayo huwaka na kubambuka. Chembe yenye akili ingefuata nini kwenye nyayo?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa picha, maana unaipindua ile video. Ferumoxtran ni chembe ya oksidi ya chuma. Mwaka 2003 wagonjwa 80 wa saratani ya tezi dume, Boston na Nijmegen, walidungwa chembe hizo kabla ya MRI. Makrofeji za tezi limfu zisizo na saratani ziliimeza chembe, tezi zikawa nyeusi kwenye picha. Palipokuwa na saratani, makrofeji zilikuwa zimesukumwa nje, pakabaki peupe. Chembe ilikwenda kusikokuwa na saratani, na ndiyo maana saratani ilionekana, hata kwenye tezi ambazo kwa ukubwa hazikutiliwa shaka.

Ndugu yake, ferumoxytol, ni dawa ya upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo. Mwaka 2017 ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache waliokuwa wakisubiri liposomu ya irinotekani, dawa nyingine ya saratani, ili kuona kwanza kama uvimbe wa kila mmoja unapokea chembe. Vilivyopokea zaidi ndivyo vilivyoelekea kunywea zaidi. Wagonjwa wale ni wachache mno kubadilisha mwongozo wa tiba, lakini mimi ningeitaka picha hiyo kabla ya dripu kutundikwa.